Mlango Unaojifunga Asubuhi

Walikuwa wamekubaliana kukaa kimya kabisa, na Koplo, kama kawaida yake, akapiga chafya.

"Samahani, Afande."

Inspekta hakumgeukia. Alikuwa amesimama kwenye korido ya chini, mgongo ukutani, macho kwenye mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijivu. Nyuma ya mlango ule seva, kompyuta zilizobeba kazi zote za kituo, zilikuwa zinavuma, mvumo wa chini chini usiokatika. Taa ndogo juu ya kitasa ilikuwa ya kijani, maana yake mlango uko wazi: wa nje anausukuma anaingia, wa ndani anabonyeza kitufe anatoka. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuujaribu. Aliingia, akabonyeza kitufe, mlango ukatii, naye akatoka haraka kuliko alivyotaka watu wamwone akitoka. Mle ndani ndimo alimokutwa Mkufunzi Jumatatu moja asubuhi, amekaa sakafuni, ameegemea mlango, hana uhai.

Pembeni yake walisimama Meneja wa kituo cha mafunzo, mama mwembamba mwenye miwani mizito, na mlinzi mpya aliyeushika ufunguo kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya aliyekufa.

Ghorofani viti vilikwaruza sakafu. Darasa lilikuwa linaanza.

Klak.

Taa ikawa nyekundu. Hakuna aliyegusa kitu. Mlinzi mpya alirudi nyuma mpaka akamkanyaga Koplo, na Koplo, badala ya kulalamika, akamshika mkono. Inspekta alisogea, akausukuma mlango. Haukutikisika. Nywele za shingoni zilimsimama, akajikaza, maana afande akionyesha woga mbele ya koplo basi kazi imekwisha.

"Ni hivi kila siku?"

"Kila siku ya masomo, Afande," alisema mlinzi. "Wakishaketi tu huko juu, unajifunga. Jumamosi na Jumapili kimya."

"Mzimu unaopumzika wikiendi," alisema Inspekta. "Huyo kaajiriwa. Fungua."

Mlinzi aliingiza ufunguo huku ameangalia pembeni. Mlango ukafunguka, taa ikarudi kijani.

Ufunguo ule ndio uliomtia matatani mlinzi aliyemtangulia, mtu mzima waliyemwita Mzee wa Geti. Meneja alikuwa ameandikisha maelezo kituoni siku ileile ya maiti: mlango wa chumba cha seva unaweza kufunguliwa na kufungwa na kompyuta, lakini kompyuta haiwezi kumzuia mtu aliye ndani, kwa sababu kitufe cha ndani hufanya kazi daima. Kinachoweza kumzuia ni ufunguo peke yake, na ufunguo ulikuwa mmoja, na ulikuwa mfukoni mwa Mzee. Mkufunzi alikuwa na pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikutwa ghorofani, kwenye droo ya meza yake. Simu haishiki mle ndani. Alifungiwa Ijumaa jioni wakati watu wanatawanyika, na mkewe hakumtafuta kwa sababu alidhani mumewe amesafiri kwenda kumwona mama yake. Mzee alikamatwa. Alipoulizwa alifanya nini jioni ile, alinyamaza. Aliulizwa kwa upole, akaulizwa kwa ukali, akanyamaza vilevile. Kwa wakubwa wa Inspekta, kunyamaza huko kulitosha, na mchana huu Mzee alikuwa anapandishwa kizimbani kwa mauaji.

Binti yake alikuwa anashinda kwenye benchi la kituo cha polisi tangu baba yake akamatwe. Fundi cherehani, mikono haitulii hata akikaa bure. Asubuhi ile alikuwa amemsimamisha Inspekta mlangoni.

"Dada Afande, baba yangu akifunga mlango wa nyumbani anarudi kuuangalia tena, asije akawa kamfungia mtu nje. Tunamcheka. Huyo ndiye wa kumfungia mtu ndani?"

Inspekta alikuwa amekwenda moja kwa moja kumwamsha Koplo aliyelala kwenye gari.

Sasa alimgeukia Meneja. "Huu mlango unaunganika vipi na darasa la juu?"

"Ulikuwa mlango wa mafunzo," alisema Meneja. "Sisi tunawafundisha watu wanaoandika programu ambazo huzioni. Unapotuma pesa kwa simu, unapofunguliwa faili hospitalini, kuna kazi inafanyika nyuma, kwenye seva. Makampuni yanatuletea watu wao tuwanoe. Marehemu alisema mtu hajifunzi kwa mifano ya kubuni, akauunganisha mlango huu na mtandao wa darasa. Wanafunzi waandike programu inayopokea ombi, inaamua, inafungua mlango wa kweli. Walikuwa wanashangilia kama watoto."

"Na baada ya kifo mlikagua programu zao?"

"Zote. Mashine ya majaribio haikuonyesha kosa hata moja."

"Mashine ya majaribio ndiyo nini? Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu ndiye aliyenifundisha kompyuta, Afande."

Koplo alicheka, akaangaliwa, akaacha.

"Basi nieleze kama unamweleza Koplo."

Meneja alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Kabla hujaandika programu, unaandika jaribio. Ni programu ndogo inayouliza swali: hicho ninachotaka kitokee, kimetokea? Marehemu alikuwa na sheria yake. Jaribio kwanza, na ukimaliza kuliandika ulitume papo hapo kwenye hifadhi ya darasa, hata kama programu yenyewe hujaigusa. Kila asubuhi masomo yakianza, mashine inachukua majaribio yote yaliyowahi kutumwa, inayaendesha. Linalofeli linawaka jekundu kwenye skrini ya ukutani."

"Na linalofaulu?"

"Halisemi kitu. Yapo mengi mno, tungeyasoma yote tungezeeka."

Inspekta aliutazama mlango, akautazama ufunguo.

"Fundi umeme alisema kitasa hiki kina hitilafu?"

"Alisema kizima kabisa."

"Kinajifunga kila siku ya masomo, darasa likianza, hakikosei. Mama, ninyi mmekuwa mnatafuta kilichoharibika. Hapa hakuna kilichoharibika. Kuna kitu kinafanya kazi vizuri sana. Twende juu ukanionyeshe yanayofaulu."

Darasa lilikuwa pana, lenye madirisha makubwa, na bado lilikuwa na giza la aina yake. Wanafunzi, watu wazima waliotumwa na waajiri wao, walikuwa wamejibana nyuma. Safu ya mbele ilikuwa tupu. Ubaoni kulibaki mwandiko wa marehemu, mchoro wa mlango na mishale inayoingia na kutoka, na hakuna aliyethubutu kuufuta. Kikombe chake kilikuwa bado mezani na chai imekauka ndani. Walikuwa wanamwogopa mtu ambaye wiki chache nyuma walikuwa wanamwiga anavyokohoa.

"Kuna anayejua kwa nini mlango wa chini unajifunga?" aliuliza Inspekta.

"Anakuja kazini," alisema mwanamke mnene aliyeketi karibu na dirisha. Alikuwa ametoka kampuni ya bima, na darasa zima lilimwita Dada wa Bima. "Usinitazame hivyo, Afande. Mimi msomi kama wewe, lakini ule mlango unafungwa na nani? Mtu kafia pale, na kila asubuhi tukiketi tu, klak. Anatuambia yupo."

"Hebu tumwombe aje tena," alisema Inspekta.

Koplo alirudishwa korido ya chini na simu sikioni, pamoja na mlinzi na ufunguo wake. Meneja aliketi kwenye kompyuta ya mbele, ile ya marehemu, akaigusa kwa vidole vya baridi. Inspekta alimwambia ayagawe majaribio yote mafungu mawili na kuendesha fungu moja tu.

"Koplo?"

"Kimya, Afande. Kijani."

"La pili."

Meneja alibonyeza. Simu ikapasuka kwa sauti ya Koplo. "Klak! Afande, umejifunga! Mimi sijagusa!"

Mtu mmoja nyuma alianza kusali kwa sauti ndogo.

"Fungueni. Meneja, hilo la pili ligawe tena nusu."

Wakaendelea hivyo, nusu ya nusu, kila mara Koplo akipiga kelele au akinong'ona, kila mara ufunguo ukizungushwa chini na mlinzi akiapa kwamba kesho haji. Wanafunzi walianza kusogea mbele bila kujijua. Waliujua mchezo huu, ndivyo wao wenyewe huwinda kosa kwenye programu, na wapo waliosahau kuogopa. Dada wa Bima alikuwa ameshafika safu ya pili. Mmoja tu ndiye ambaye hakunyanyuka, mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, kalamu zake zimepangwa mezani kwa urefu. Inspekta alimwona, akadhani ni woga.

Likabaki jaribio moja.

"Endesha."

"Klak," alisema Koplo, safari hii kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Soma."

Meneja alisoma kimya, midomo inacheza. Kisha akasoma kwa sauti, akiyageuza maneno ya kompyuta kuwa ya watu. "Kwanza linauuliza mlango kama uko wazi. Halafu linauambia usisikilize tena kitufe cha ndani." Alisimama. "Mimi niliandikisha polisi kwamba hilo haliwezekani."

"Endelea."

"Halafu linaufunga. Halafu linajifanya mtu aliye ndani. Linabonyeza kitufe. Linangoja. Linabonyeza tena. Linangoja. Linabonyeza mara ya tatu. Na linatarajia..." Aliusoma tena mstari ule. "Linatarajia mlango usifunguke. Ukifunguka, limefeli."

"Kwa hiyo kufaulu kwake..."

"Ni mtu kubaki ndani."

Hakuna aliyesali tena. Inspekta aliona aibu, aibu ya kweli, kwamba kwa siku zote hizo walikuwa wamemkalia kooni mzee wa watu huku jambo hili likijitangaza kila asubuhi mbele ya darasa zima.

"Limetumwa lini, na nani?"

"Ijumaa ileile, mchana. Wanatumia jina moja la darasa, lakini inaonekana limetoka meza ipi." Meneja aligeuza shingo taratibu. Darasa zima likageuka naye.

"Mbona mnanitazama mimi?" alisema Dada wa Bima.

Inspekta alimchukua ofisini kwa Meneja na kufunga mlango, akaona jinsi mwanamke yule alivyokitazama kitasa.

"Wewe na marehemu mligombana wiki ile."

"Tuligombana, ndiyo. Alinisema mbele za watu. Nikamjibu mbele za watu. Niliambiwa nina mdomo tangu shule ya msingi."

"Alikusema kwa lipi?"

"Afande, ungewauliza hao wenzangu ungejiokolea muda." Alikunja mikono kifuani. "Alinisema kwa sababu siandiki majaribio. Hata moja! Nasema programu nimeiandika, inafanya kazi, unataka niihoji kama mume aliyechelewa kurudi? Alikasirika mpaka akakohoa. Kaangalie hiyo hifadhi. Kutoka kwenye meza yangu, kozi nzima, kama kuna jaribio jingine zaidi ya hilo, nifunge."

Inspekta alichungulia mlangoni, akamwambia Meneja aangalie. Jibu lilikuja upesi. Kwenye meza ile kulikuwa na jaribio moja tu.

"Nani mwingine anakaa kwenye meza yako?"

"Sote. Tunaandika wawili wawili, mmoja anaandika, mwenzake anatazama, halafu mnapokezana. Wenza wanabadilika. Ijumaa ile..." Alianza kulia ghafla, bila kujiandaa. "Ijumaa ile nilitoka nje kupokea simu. Mwanangu alikuwa na homa, dada yangu kanipigia. Nilikaa huko nje muda mrefu. Niliporudi mwenzangu akaniambia, usijali, nimeendelea peke yangu. Nikamshukuru, Afande. Nilimshukuru!"

"Mwenzako alikuwa nani?"

Alijifuta uso kwa kiganja. "Nadhifu."

Nadhifu ni jina alilopewa na marehemu mwenyewe, akimsifu. Ndiye yule wa kalamu zilizopangwa. Aliletwa kozini na hospitali moja kubwa, na wote walikubali kwamba ndiye bora. Inspekta hakumwita ofisini. Alirudi darasani, akavuta kiti, akaketi pembeni yake kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Nisaidie, kaka. Mimi ni mgeni wa mambo haya. Niandikie programu ndogo hapa, nikuone unavyofanya. Ya mlango huohuo. Kitu chepesi tu, mtu wa ndani akibonyeza, afunguliwe."

"Sasa hivi?"

"Kama hutojali."

Nadhifu alivuta kompyuta. Mwanzoni vidole vilikuwa vizito, lakini kazi ina tabia ya kumchukua mtu, na yeye ilimchukua. Mgongo ulinyooka. Kwa kitambo kidogo alionekana kama mtu mwenye amani. Inspekta aliitazama skrini, akamtazama Meneja aliyesimama nyuma yao, na Meneja akamwashiria kwa kichwa.

"Hiyo ndiyo programu?"

"Hapana, hili ni jaribio lake. Jaribio kwanza."

"Kila mtu humu anaanza hivyo?"

"Wanatakiwa."

"Wewe peke yako, Nadhifu," alisema mtu kutoka nyuma. "Sisi tulikuwa tunaandika baadaye na kumdanganya marehemu." Kicheko kidogo kilipita, cha kwanza asubuhi ile.

"Na hapa," Inspekta aligusa skrini kwa ukucha, "unabonyeza kitufe. Unangoja. Unabonyeza tena. Unangoja, unabonyeza tena. Kwa nini isiwe mara moja?"

"Kwa sababu mtu wa kweli habonyezi mara moja. Mtu akiona mlango haufunguki, anaogopa, anabonyeza tena na..."

Vidole vyake vilibaki juu ya vibonyezo.

"Anabonyeza tena na tena," Inspekta alimalizia. "Ulimfikiria vizuri. Ulikaa kwenye meza ya mwenzako anayeuguliwa na mtoto, ukamfikiria mwalimu wako akibonyeza, ukahakikisha hatatoka."

"Afande, sikutaka afe." Alisema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anajibu swali la somo. "Naomba uelewe hilo kwanza. Sikutaka afe."

"Ulitaka nini?"

"Wikiendi moja. Kuna kosa niliacha kwenye kazi ya hospitali, kwenye dozi za wagonjwa. Nililiona, nikalificha, kwa sababu watu walishaniita bora. Yeye akaligundua. Akaniambia jioni atampigia mkubwa wangu amwambie nisiachwe peke yangu na mfumo wenye roho za watu. Nikamwomba, akakataa. Kila Ijumaa jioni lazima ateremke kuziangalia seva kabla hajaondoka. Nikasema akikwama mle mpaka ofisi yetu ifungwe, atashindwa kupiga, nami Jumamosi nitamfuata nimbembeleze. Programu ingemfungulia baada ya saa moja. Niliiandika hiyo sehemu, Afande. Sehemu ya kufungua niliiandika!"

"Uliijaribu?"

Nadhifu alizitazama kalamu zake.

"Muda ulikuwa umekwisha. Dada wa Bima alikuwa anarudi. Nilijaribu kufunga tu."

Meneja alitoka nje ya darasa akitembea kama mgonjwa. Dada wa Bima alikuwa amesimama, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu aende shule ya msingi hakuwa na la kusema.

"Jumatatu ulipojua amekufa, ukaifuta programu yenyewe."

"Ndiyo. Jumamosi niliambiwa amesafiri, nikaamini alitoka."

"Jaribio ukaliacha."

"Lilikuwa limeshatumwa. Mkono ulilituma wenyewe, nimezoea. Ningelifuta kwenye hifadhi, humo hata kufuta kunaandikwa, aliyefuta angetafutwa." Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kola iliyopigwa pasi na hakuyafuta. "Wengine walikuwa wanasema ni mzimu. Mimi nilijua ni nini. Kila asubuhi nimekaa hapa nausubiri. Klak. Nikijua limefaulu tena."

Inspekta alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi. "Na mzee wa watu yuko ndani kwa ajili yako. Ulijua na hilo."

"Nilijua."

"Simama."

Koplo alimfunga pingu. Walipoteremka naye, ilibidi wapite mbele ya mlango wa kijivu, na Nadhifu aliomba wapite njia nyingine. Hapakuwa na njia nyingine.

Kituoni, gari la mahakama lilikuwa limeshawashwa. Inspekta alimsainisha mkuu wake hati ya kumwachia Mzee huku mkuu akinung'unika kwamba kompyuta zitawamaliza wote. Alipopita kwenye benchi, binti wa Mzee alisimama kabla hajaambiwa kitu, akausoma uso wake, akapiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akajiziba mdomo. Wakaenda pamoja mahabusu.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kona, magoti yamekunjwa. Inspekta alimweleza yote, taratibu, kwa heshima: mwanafunzi, kompyuta, kitufe. Alimwomba radhi kwa niaba ya kituo. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama.

"Kwa hiyo si ufunguo wangu," alisema. Ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza tangu akamatwe.

"Si ufunguo wako, Mzee. Uko huru. Inuka twende, binti yako kaja."

Hakuinuka.

"Wale vijana wa darasani walikuwa na mchezo, mwanangu," alisema. "Jioni wakitoka, mmoja anajificha kule chini, anaugonga mlango wa mashine ili anitishe. Mzee! Mzee! Nikiteremka, wanacheka, wanakimbia. Siku zote nateremka, na siku zote wananicheka." Alipangusa mdomo. "Ijumaa ile nikasikia kugongwa. Mzee! Mzee! Nikasema leo hamnipati. Nikaongeza sauti ya redio."

Binti alishika nondo za mlango wa mahabusu.

"Aligonga kwa muda gani?" aliuliza Inspekta, na papo hapo akatamani asingeuliza.

"Taarifa ya habari iliisha, ikaja miziki. Mziki wa kwanza alikuwa bado anagonga." Mzee aliinua uso. "Ninyi mliniuliza kama nilimfungia. Mngeniuliza kama nilimsikia ningesema. Halafu nikaona, nikianza kusema lolote nitalisema hilo. Nikafunga mdomo."

Sheria haikuwa na kosa la kuongeza sauti ya redio. Inspekta alilijua hilo, akafungua kinywa amwambie, akaona halina maana yoyote mbele ya mtu yule.

"Baba," alisema binti, "hukujua. Twende nyumbani, baba. Maji nimeshachemsha, uoge, ulale."

Mzee aliinuka kwa kushika ukuta. Alitoka, akamwachia bintiye mkono wake, lakini korido ilipogawanyika akasimama.

"Mke wa marehemu alikuja hapa juzi. Alisimama palepale uliposimama wewe, akanitazama, hakusema kitu, akaondoka. Anakaa wapi?"

"Baba, usifanye hivyo. Watakufukuza. Watakupiga!"

"Wanipige." Alimgeukia Inspekta. "Anadhani mumewe alikufa anaita bure, hakuna mtu wa kumsikia. Si kweli. Nilikuwepo. Nipelekeni kwake kwanza, nyumbani baadaye."

Inspekta alimtazama binti, na binti akaitikia kwa kichwa huku analia. Inspekta akamwita Koplo alete gari.